Bibi Mkubwa wa Kitabu Chekundu

Mukeba wangu Generoza,

Nakuandikia bila anwani. Ningekuwa na anwani ningekutumia matusi mawili matatu kwanza, halafu salamu. Usidhani naandika kwa sababu nimekukumbuka. Kukukumbuka nakukumbuka kila siku, na kalamu sijawahi kuishika. Naandika kwa sababu nina wivu. Nimekuonea wivu tangu asubuhi ile tuliyogombania kitabu kimoja, na miaka yote hii ambayo hupo, badala ya kupoa umezidi.

Kilichonifikisha hapa ni jambo la juzi. Mimi ni mwalimu sasa, nafundisha historia kwenye shule moja ya sekondari hapa mjini. Juzi niliwafundisha watoto wa mwaka wa mwisho namna ya kusoma kitabu kinene wakati muda ni mfupi. Niliwaambia waanze na orodha ya sura kule nyuma, waende kwenye hitimisho, ndipo warudi kwenye utangulizi. Waandike swali lao pembeni kabla hawajasoma chochote. Wakilipata jibu, wafunge kitabu ndipo waandike, kwa maneno yao wenyewe, wazo moja kwenye kadi moja, na kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, waweke chanzo na ukurasa. Kengele ilipolia, msichana mmoja wa mbele akawaambia wenzake, "Hii sasa ndiyo njia ya Madamu Zuhura." Wakaiandika hivyo hivyo kwenye madaftari yao, wakapiga mstari chini yake. Mimi nikabaki na chaki mkononi, nikanyamaza.

Wewe unajua ni njia ya nani. Na mimi najua kwamba kunyamaza kule hakukuwa kwa mara ya kwanza.

Unakumbuka ile maktaba yetu ya chuo? Siku zile za vita ilifunguliwa asubuhi tu, kwa sababu mchana kila mtu alitaka kuwa kwao kabla mabasi hayajakatika. Kitabu chekundu kilikuwa kimoja nchi nzima, au ndivyo tulivyoambiwa: kitabu kinene cha Mzungu mmoja aliyezunguka masoko ya mji zamani, akaandika nani aliuza nini na wapi. Wewe ulikuwa unatayarisha memwari, ile kazi ndefu ya kumalizia chuo, juu ya biashara ya mafuta ya mawese. Mimi yangu ilikuwa juu ya soko la Jabe, mtaa nilikozaliwa. Bila kitabu kile, wewe huna kazi, na mimi sina. Bwana Salvatori, mtunza maktaba, akatugawia siku. Wewe ukapewa Jumatatu na Alhamisi. Mimi nikapewa Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa yenyewe anajua kila mtu kuwa kwa Mwislamu ni nusu siku.

"Leo ni zamu ya bibi mukubwa," akaniambia nilipojaribu kuja Jumatatu. "We bibi mudogo, njoo kesho."

"Kwa nini mimi ndiyo mudogo?"

"Mwenzako alijiandikisha mbele yako. Na mambo ya zamu, ninyi Waislamu munaijua kuliko mi."

Chumba kizima kilicheka. Wewe ulicheka mpaka ukafuta machozi na upindo wa kitenge, na tangu siku hiyo ukaniita mukeba, kama Warundi wanavyomwita mke mwenza. Nami nikakuita mukeba. Wewe uliniita kwa utani, mimi nilikuita kweli.

Maana hebu niambie, nisingeona wivu vipi? Mimi nilikaa na kitabu kile kama mtu anayenakili mkataba. Nilianza na neno la kwanza la ukurasa wa kwanza, nikaandika kila kitu, hata vile Mzungu alivyougua tumbo njiani. Kurasa kumi kwa siku, mkono umekufa ganzi, na nilijiona mchapakazi. Wewe ulikifungua kwa nyuma, wewe Mkatoliki, kama mtu anayefungua msahafu. Ukapitisha kidole kwenye orodha ya sura, ukaruka sura nne nzima bila huruma, ukasoma kurasa sita, ukakifunga. Ukatazama dirishani. Halafu ukaandika mistari mitatu kwenye kadi, fishi kama tulivyoziita. Saa tano ulikuwa umemaliza na unakula karanga zangu.

"Haraka haraka haina baraka," nilikuambia siku moja, nikiwa na sumu moyoni.

"Haraka gani? Mi nasoma polepole kuliko we. Ila nasoma kidogo."

Nikakunyang'anya karanga.

Na hizo fishi zenyewe ulizipata kwetu! Hilo ndilo lililonichoma. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa cherehani aliyeuza pia mashati pale Jabe, na kila shati lilikuja limekunjwa juu ya kadibodi nyeupe, safi, laini upande mmoja. Miaka yote tulikuwa tunawashia makaa. Ukaja wewe mara moja tu, kunisindikiza, ukaokota moja chini, ukaigeuza, ukauliza, "Baba Zuhura, hizi munafanyia nini?" Wiki iliyofuata baba alikuwa ameshakuwekea fungu zima. Alikukatia mwenyewe kwa mkasi wake mkubwa wa ufundi, nne kwa kila kadibodi, na akakuandalia boksi la mashati la kuzitunzia. Mimi binti yake wa kuzaa sikuwahi kukatiwa hata moja. Kweli sikuwahi kuomba, lakini hiyo ni habari nyingine.

"Ona mwenzako," akaniambia mbele yako. "Anaandika kidogo, anajua mingi. We Zuhura unaandika kama mutu anahama nyumba. Mupaka ufagio unabeba."

Wewe hukumchekea utani wake. Ulikuwa unapanga kadi zako, ukajibu bila kuinua kichwa: "Baba, mi nilishakimbia kwetu Kamenge mara mbili. Siku ya kukimbia haubebe kabati. Unabeba ile utahitaji."

Baba akaacha mkasi. Alikutazama muda mrefu, kisha akaongeza kadibodi kumi juu ya fungu lako. Na mimi, naona haya kuliandika hili, rafiki yangu alikuwa ametoka kusema amekimbia kwao mara mbili, na mimi nilikuwa nahesabu kadibodi.

Halafu ile Jumanne. Usijifanye umesahau. Ilikuwa zamu yangu, mimi na kitabu changu mezani, wewe ulikaa pembeni na magazeti ya zamani. Akaingia mwanafunzi mmoja wa sheria akihema. "Mukimbie! Wenye bunduki wamefika ku daraja!" Viti vikaanguka. Mimi nilifika mlangoni na kiatu kimoja. Nyuma yangu nikasikia sauti yako, ya kawaida kabisa, kama unauliza bei ya nyanya.

"Nani amekuambia?"

"Watu!"

"Mutu gani? Aliona ama alisikia?"

Kijana akafuta jasho. "Alisikia."

Nikaendelea kukimbia. Niliporudi, jua likiwa limepanda, darajani hapakuwa na kitu isipokuwa wauza ndizi, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti changu, na kitabu chekundu mbele yako, na fishi saba zimejaa. Kwenye zamu yangu! Nilikwenda kwa Bwana Salvatori kukushitaki. Hata hakunyanyua macho.

"Bibi akitoka nyumbani mwenyewe," akasema, "zamu inapotea."

Ndipo ukanivuta mkono, ukanikalisha, ukanionyesha kona ya fishi, pale mkono wa kulia. Ukasema maneno ambayo leo nayasema darasani kana kwamba nimeyazaa mimi. "Fishi bila ukurasa ni uvumi, mukeba. Na uvumi ndiyo inatumaliza mu hii muji."

Nikatazama madaftari yangu. Yalikuwa tisa wakati ule, na hakuna namba ya ukurasa hata moja. Nikakujibu kwa kiburi kwamba kitabu kipo, hakina miguu, kurasa nitazitafuta mwishoni. Wewe ukaniangalia kwa huruma, nami huruma yako nikaichukia kuliko kicheko chako.

Siku ya mwisho mimi sikuwepo, na kwa hilo namwonea wivu hata baba, kwamba yeye alikuaga na mimi sikukuaga. Ilikuwa Alhamisi, zamu yako. Ulitoka maktaba ukapita dukani kwa baba kuchukua kadibodi. Mimi nilikuwa bombani, foleni ya maji. Baba ndiye aliyenisimulia: watu walianza kupita barabarani na magodoro vichwani, na kati yao mama mmoja wa parokia yenu ya Kamenge akakutambua, akasimama. Ukamuuliza kama kawaida yako.

"Mama, uliona ama ulisikia?"

"Nimeona, mwanangu. Na macho yangu. Kwenu mulango iko wazi, hakuna mutu."

Baba alisema ulikaa kwenye kiti chake cha cherehani kwa muda mfupi, hukulia. Ukaomba kalamu, ukaandika kitu kwenye kadi moja, ukaitia chini kabisa, ukalifunga boksi kwa ukanda wa kitenge. Halafu ukaondoka na yule mama. Niliporudi na ndoo zangu, boksi lilikuwa juu ya meza, katikati ya mashati.

"Ni yako," baba akasema. "Amesema utumie. Amesema usisahau kona."

Kwa nini hukunisubiri, Generoza? Foleni ya maji haikuwa ndefu siku ile. Kila nikilikumbuka hilo boksi naanza na hasira hii kabla ya huzuni yoyote.

Maktaba ikafungwa kwa miezi. Ilipofunguliwa tena, vioo vilikuwa vimevunjika na kitabu chekundu hakikuwepo. Bwana Salvatori alipekua rafu zote, mpaka nyuma ya kabati. Watu wakasema vitabu vingi vimefungiwa karanga sokoni. Basi nilinunua karanga Jabe wiki nzima, kila siku kwa muuzaji mwingine, nikikunjua vifungio na kuvisoma. Nilipata hesabu za shule, nikapata barua ya posa, nikapata kurasa za katekisimu. Mzungu wetu sikumpata.

Nikampelekea profesa rasimu yangu hivyo hivyo, nikitegemea atafumba macho. Ilirudi na wino mwekundu. Pembeni ya kila nilipomnukuu yule Mzungu aliandika neno moja: "Ukurasa?" Nilihesabu mara thelathini na moja. Madaftari kumi na moja nilikuwa nayo, Generoza, nyumba nzima nimehama nayo, na hayakuwa na jibu hata moja. Profesa akasema bila kurasa hataniruhusu kuitetea kazi ile, na mwaka wangu utakuwa umepotea.

Nikafungua boksi lako. Kwa asubuhi moja nilizipata zote. Kila kitu kilikuwa mahali pake: bei ya mawese, njia za wachukuzi, ushuru wa soko, na kwenye kila kona ukurasa wake kwa ule mwandiko wako mdogo. Sikuchukua namba tu. Nilichukua na mpangilio wako, hoja baada ya hoja, kwa sababu ulivyozipanga fishi ulikuwa umeshaandika nusu ya kitabu bila kukiandika. Na jina lako sikuliweka popote, hata kwenye shukrani. Bwana Salvatori nilimshukuru. Mpiga chapa nilimshukuru.

Kwa muda nilijidanganya kwamba nakulinda, kwamba si vizuri kumtaja mtu wa Kamenge, mtaa uliokuwa unashambuliwa, wakati kama ule. Uongo mtupu. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu niwe bibi mkubwa.

Siku ya kuitetea, mmoja wa walimu akanisifu. Akasema ni nadra kuona mwanafunzi anayetaja vyanzo kwa uangalifu vile, akauliza nani alinifundisha. Nikasema, "Nilijifunza mwenyewe." Nyuma ya ukumbi baba akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha kifua. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na vazi langu jipya, watu wakinipa mkono njiani. Baba alisema neno moja tu njia nzima, nalo tukiwa tunapita mtaa wa Nyakabiga.

"Leo umevaa shati ya mutu."

Hakuongeza kitu mpaka tukafika Jabe, na mpaka anafariki hakulirudia.

Nilikwenda kulificha boksi lako uvunguni siku ile ile, na ndipo nikagundua chini kabisa kuna fungu nisilolifungua, kwa sababu halikuwa la kitabu chekundu. Fishi ishirini. Nikakaa chini kuzisoma, nikiwa na hakika kwamba humo umenisema. Na kweli ulikuwa umenisema. Ya kwanza, kwa kile Kifaransa chako cha mkato, ilisema kwamba wauza mawese wa Jabe walipima kwa chupa ya bia na si kwa lita, na mteja wa zamani aliongezewa kifuniko kimoja. Kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, badala ya ukurasa: "Zuhura, kwa baba yake, akipepeta mchele. Aliona mwenyewe." Ya pili: wanawake walirithishana meza za sokoni kwa mabinti, si kwa wana. "Zuhura, akila karanga. Aliambiwa na bibi yake." Ya tatu Zuhura, ya nne Zuhura. Kumi na tisa mfululizo, Zuhura. Mambo ambayo hata kwenye kitabu chekundu hayakuwahi kuandikwa, nimeyasema mimi kwa mdomo wangu na kuyasahau, na wewe ukayaokota kama ulivyookota ile kadibodi.

Ya ishirini, ya mwisho, ndiyo uliyoiandika kwa kalamu ya baba, Alhamisi ile. Haikuwa na habari ya soko. Iliandikwa: "Zuhura aache kumnakili Mzungu. Soko la Jabe analo yeye. Hajui kwamba anajua."

Ungefikiri nililia. Nilikasirika, wallahi. Nilikasirika kwa sababu hata hapo ulinishinda. Mimi nilikuwa nakutazama miezi yote ile nione una nini ambacho sina, na wewe ulikuwa unanitazama uone nina nini. Siku ya kukimbia, mtu anabeba kile anachokihitaji, na wewe kabla ya kuondoka ulitumia dakika zako za mwisho kuandika jina langu. Mimi nilikuwa na mwaka mzima wa utulivu wa kuandika lako, na sikuliandika. Wivu ni kidonda, wanasema. Mimi nilikitonesha mwenyewe kila mwaka.

Basi leo asubuhi nimekwenda maktaba kabla ya shule. Memwari yangu ipo kwenye rafu, ina vumbi zuri. Nimeifungua kwenye shukrani na kuandika kwa wino, juu ya jina la mpiga chapa, jina lako lote, na chini yake: kurasa zote thelathini na moja, na mpangilio, ni vyake. Bwana Salvatori alishastaafu. Aliyepo sasa alinikemea kwamba naharibu mali ya chuo, nikamwambia aandike na kosa hilo kwa jina langu. Kisha nimekwenda darasani, nikawaambia watoto wafute kichwa cha somo la juzi. Waandike: njia ya Generoza wa Kamenge. Chanzo: Zuhura, alifundishwa naye, alimwona kwa macho yake.

Yule msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Yuko wapi sasa, Madamu?"

Hapo nilikwama, mukeba. Mwaka jana muuza vitenge mmoja alinipa habari kwamba unafundisha watoto kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, na kwamba umenenepa. Nilifurahi, na hata kabla furaha haijatulia nilikuwa nimeshaona wivu kwa watoto hao. Nikamshika mkono, nikamuuliza kama ulivyonifundisha: uliona ama ulisikia? Akasema alisikia. Aliyemwambia naye alisikia.

Nilirudi nyumbani nikatafuta kadibodi ya mwisho ya baba. Nikaikata nne kwa mkasi wake, na kwenye kipande kimoja nikaandika: "Generoza yuko hai. Anafundisha." Wazo moja, kadi moja. Nimeiweka juu kabisa kwenye boksi lako. Mkono wa kulia, kwenye kona, ni peupe mpaka leo, kwa sababu sina cha kuandika pale, na bila hicho unajua wewe mwenyewe ni nini.

Njoo uijaze kona. Hata kama utanikuta nimekasirika, hata kama utakula karanga zangu zote. Kiti changu nakiacha wazi, zamu ni yako.

Nakungoja,
Bibi mdogo